Mgongo na Mzigo

Wazee wetu walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake yajulikana: mzigo ulio kichwani pa mtu mwingine, ukiutazama kwa macho tu, waonekana mwepesi kama kanda lililojazwa usufi, siku utakapotwikwa wewe ndipo utakapojua kama ni usufi au ni mawe. Mithali hii yatuonya juu ya macho yetu, nayo yasema kweli. Lakini liko swali jingine lililo karibu nayo, ambalo haikulijibu, nalo ndilo tunalotaka kuliuliza leo pamoja nanyi, ndugu wasomaji: Mtu anyamazaye chini ya mzigo, je, kwa kunyamaza kwake amekiri kwamba mzigo ule ni wa kiasi chake?

Watu wengi hudhani kwamba ndivyo. Msimamizi husema, "Mbona hakulalamika?" Mzazi husema juu ya mtoto wake, "Kila siku huleta ndoo ile ile, naye hajambo." Mwenye mali husema, "Alikubali mwenyewe, na ujira wake amepewa." Maneno haya matatu yana msingi mmoja: ya kuwa mzigo ukizidi, mwenye kuuchukua atasema, na asiposema, sisi tuliomtwika hatuna neno. Twataka kuupima msingi huo. Wala hatutaupima kwa maneno matupu, bali kwa kuutazama kwanza mgongo wenyewe jinsi ulivyo, maana hawezi kuamua habari za mzigo mtu asiyejua habari za kile kinachouchukua.

Uti wa mgongo si mfupa mmoja, kama jina lake liwezavyo kumdanganya mtu. Ni mifupa mingi iliyopangwa mmoja juu ya mwingine kama pingili za muwa, na kwa hiyo kila mmoja huitwa pingili. Kwa kawaida zote ni 33. Za shingo ni 7. Za kifua ni 12, nazo ndizo zishikazo mbavu. Za kiuno ni 5. Chini yake ziko 5 nyingine, ambazo mtu akikua huungana zikawa mfupa mmoja mpana ulio kati ya nyonga mbili. Na mwisho kabisa ziko 4 ndogo, ndizo kifandugu. Hivyo pingili ziwezazo kucheza ni 24 tu. Ile ya kwanza, iliyo juu ya zote, imefanyizwa kama pete, nayo huchukua kichwa, ambacho uzito wake wapata kilo 4 hata 5. Wataalamu wa kale waliiita Atlasi, kwa jina la lile jitu la hadithi za Wayunani lililosemekana kuchukua mbingu mabegani. Basi hata mtu asiyetwikwa kitu cho chote tayari yu mchukuzi, naye hupewa mzigo wake wa kwanza siku ile anapojifunza kuinua kichwa chake.

Tena kadiri unavyoshuka, pingili zazidi kuwa nene, kwa sababu kila iliyo chini yachukua zote zilizo juu yake. Za kiuno ndizo nene kupita zote zichezazo, na huko ndiko watu wengi huumia. Nyuma ya kila pingili pana tundu, na matundu hayo yakipangana hufanya mfereji. Ndani ya mfereji huo hupita uti mwingine ulio mwororo, uti wa mishipa ya fahamu, utokao ubongoni na kukoma karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Jozi 31 za mishipa hutoka humo kwenda mikononi, kifuani, tumboni na miguuni. Kwa hiyo mgongo umepewa kazi zisizopatana kwa urahisi: uwe imara uchukue, uwe mwepesi upinde, tena ukilinde kitu kilicho laini kuliko vyote mwilini. Nguzo ya nyumba haitakiwi kupinda, wala ukuta wa ngome hautakiwi kucheza. Mgongo watakiwa yote kwa wakati mmoja.

Twapenda kusema kwamba mtu mwema ni mnyofu, na mawazoni twamwona amesimama kama nguzo iliyosimikwa. Lakini mgongo ulio mzima haukunyoka hivyo. Ukitazamwa kwa ubavuni waingia ndani shingoni, watokeza nje kifuani, waingia tena kiunoni, kisha watokeza tena nyongani. Mtoto mchanga hana mapindo hayo yote. Azaliwa amejikunja, na mgongo wake wafanana na upinde mmoja. Pindo la shingo hukazana anapoinua kichwa, na pindo la kiuno anapojifunza kukaa, kusimama na kwenda. Mapindo haya si kasoro. Ndiyo yaupayo mgongo uwezo wa kunepa chini ya uzito na kurudi mahali pake, kama mti wa mpiko unepavyo begani pa wachukuzi usivunjike.

Kati ya pingili na pingili pana kisahani cha gegedu. Visahani hivi ni 23, maana kati ya kichwa na pingili ya kwanza, na kati ya hiyo ya kwanza na ya pili, hakuna. Vikikusanywa vyote pamoja, unene wao wapata kama robo ya urefu wa pingili zichezazo. Kila kisahani kina nyuzi ngumu zilizopangwa tabaka juu ya tabaka kama maganda ya kitunguu, na katikati yake pana kiini kilicho kama uji mzito, ambacho sehemu yake iliyo kubwa ni maji. Katika mtoto mchanga maji hayo yapata sehemu 90 kwa 100 ya kiini. Katika mzee yashuka hata kama 70.

Na hapa twafika penye jambo lililo kubwa kwa swali letu. Kiini cha kisahani cha mtu mzima hakina mishipa ya damu. Karibu kila sehemu nyingine ya mwili huletewa chakula chake na damu hata mlangoni. Kiini hiki hulishwa kwa kupenyezewa tu, maji na chakula vikipita polepole katika bamba jembamba lililo juu yake na lililo chini yake. Mzigo ukikaa juu yake, maji yakamuliwa kutoka. Mzigo ukiondolewa, na mtu akilala, maji yarudi. Hii ndiyo sababu kila mtu ni mrefu zaidi asubuhi aamkapo kuliko jioni aendapo kulala, na tofauti hiyo hupata sentimeta 1, pengine na zaidi. Mtu asidhani, basi, kwamba saa za usiku ni saa ambazo mgongo hauna kazi. Ndizo saa ambazo kisahani hurudishiwa kile alichokitumia mchana, na asipopewa saa hizo atafanya kazi ya kesho kwa mtaji uliopunguka.

Tena kiini hicho hakina mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo yaishia katika matabaka ya nje ya kisahani, isiingie ndani. Kwa hiyo kiini chaweza kupungua, na nyuzi za ndani zaweza kupasuka kidogo kidogo, na mwenye mgongo asisikie lo lote, mpaka ufa ufike nje, au kiini kitokeze kikaugusa mshipa uendao mguuni. Hapo ndipo apigapo ukelele. Na walio karibu naye husema kwa mshangao, "Aliinama tu kuokota jembe!" Wao waliliona jembe; ile miaka iliyotangulia hawakuiona, wala yeye mwenyewe hakuisikia. Ikiwa sehemu ile iliyo chini ya uzito wote haina njia ya kupeleka habari, twawezaje kuuhesabu ukimya wake kuwa ni ushuhuda?

Macho yetu hudanganyika kwa njia nyingine pia, maana uzito wa mzigo si ule wa mizani peke yake. Mtu aishikaye ndoo ya kilo 20 karibu na kifua chake, na mtu aishikaye ndoo iyo hiyo mbali naye, amenyosha mikono, hawachukui sawasawa. Misuli ya mgongo yavuta karibu sana na pingili, kama sentimeta 5 nyuma ya kisahani. Mzigo ukiwa sentimeta 40 mbele yake, yapaswa kuvuta kwa nguvu mara 8 ya uzito ule ili mtu asianguke kifudifudi. Kwa ndoo ya kilo 20 hiyo ni nguvu ya kilo 160, wala hatujahesabu uzito wa kifua na kichwa chake mwenyewe anapoinama. Na nguvu hiyo yote hukibana kisahani kilicho kiunoni. Katika miaka ya 1960 Alf Nachemson, daktari wa Uswidi, aliingiza sindano katika visahani vya watu walio hai akaupima mbano uliomo ndani yake. Akaona kwamba mtu ainamaye mbele na mzigo mikononi huubana mgongo wake kuliko asimamaye wima, na hata kule kukaa kwa kujikunja kwabana kuliko kusimama. Basi atazamaye gunia tu hajautazama mzigo. Hana budi autazame na mwili pia, jinsi unavyosimama, na mahali panapopitwa, na mara ngapi kwa siku.

Kwa upande mwingine, desturi na ustadi vyaweza kuufanya mzigo kuwa mwepesi kwa namna ya kushangaza. Mwaka 1986 wataalamu walitangaza jinsi walivyowapima wanawake wa Kenya, Waluo wachukuao kichwani na Wakikuyu wachukuao mgongoni kwa mkanda upitao kipajini. Ilionekana kwamba mzigo uliofikia sehemu 20 kwa 100 ya uzito wa mwili haukuwazidishia matumizi ya pumzi kuliko walipokwenda mikono mitupu. Ni sifa kubwa kwa mama zetu na bibi zetu. Lakini sifa hiyo ina mpaka wake: mzigo ulipozidi kiasi hicho, gharama nayo ilipanda. Tena pumzi si shingo. Mtu aweza kwenda bila kutweta, na huku pingili zake zinachakaa. Asiyefahamu hayo huutumia ustadi wa mtu kama ruhusa ya kumwongezea.

Wako wasemao, "Mbona fulani huchukua mzigo kama huu, naye ni mzima? Huyu ana uvivu." Hao twawajibu kwa habari za ndugu pacha wa Ufini, zilizotangazwa mwaka 1995. Jozi 115 za wanaume, pacha waliofanana kabisa kwa kuzaliwa, walichunguzwa migongo yao, na kazi zao za maisha zikaandikwa, maana walichaguliwa wale ambao mmoja alikuwa ameuchosha mgongo wake kuliko mwenzake. Ilionekana kwamba visahani vya mtu na pacha wake vyafanana sana. Kazi nzito ilikuwa na sehemu yake katika kuchakaa kwa mgongo, lakini kile ambacho pacha hao walishiriki tangu kuzaliwa na kulelewa kilikuwa na sehemu iliyo kubwa zaidi. Mtu mwenye moyo mgumu aweza kuitumia habari hii vibaya, akasema, "Kumbe si mzigo wangu uliomvunja, ni mgongo wake." Sisi twaona yatufundisha kinyume cha hayo. Ikiwa nguvu za mgongo zatoka sana katika kile ambacho mtu hakujichagulia, wala hakionekani kwa nje, basi hapana mtu awezaye kufanywa kipimo cha mwenzake. Kumwambia mtu, "Fulani aweza, nawe lazima uweze," ni kupima nguo ya mmoja kwa mwili wa mwingine.

Hata picha za madaktari hazitoshi kumaliza shauri hili. Mwaka 2015 yalikusanywa mafunzo mengi yaliyohusu watu wasioumwa mgongo hata kidogo. Katika watu wa miaka 20, visahani vilivyoanza kuchakaa vilionekana kwa watu 37 katika 100. Katika watu wa miaka 80, kwa watu 96. Hao wote hawakuwa na maumivu. Na kinyume chake, wako waumwao sana ambao picha zao hazionyeshi neno. Kwa hiyo mtu akisema, "Naumwa," haifai kumjibu, "Picha yako ni nzuri, wadanganya."

Tukiyakusanya yote haya twaona ajabu moja. Msimamizi hauoni mgongo wa mwenziwe. Picha ya daktari huonyesha nusu tu ya habari. Na mwenye mgongo mwenyewe huenda akachelewa kujua. Ni nani, basi, atakayenena kwa ajili ya mgongo? Twajibu kwamba yapasa kuwe na mambo mawili, wala moja pasipo la pili halifai. La kwanza: mchukuzi akisema, maneno yake yapokewe, kwa kuwa hakuna shahidi aliye karibu kuliko yeye. La pili: kiwekwe kiasi kabla ya mtu kusema, kwa kuwa shahidi huyu mara nyingi hupata habari baada ya hasara. Anayengoja kilio ndipo apunguze mzigo amengoja hata ufa umefika nje.

Lakini haitupasi kuzipita hoja za walio upande wa pili, maana zina nguvu. Ya kwanza ni hii: "Mtu mzima amekubali mwenyewe, wewe u nani hata umkataze kazi yake?" Twende sokoni au bandarini tukamtazame hamali. Yeye hulipwa kwa hesabu ya magunia. Huletewa lile gunia liitwalo lumbesa, lililojazwa hata mdomo haufungiki, kisha likashonewa kilemba juu yake. Watawala wamekataza lumbesa mara nyingi, na ugomvi wake husemwa zaidi kwa ajili ya mfuko wa mkulima, ambaye huuza gunia moja na nusu kwa bei ya moja. Ni haki kuusema. Lakini ni wachache wakumbukao kwamba gunia lile lililomwibia mkulima shambani litapanda juu ya mgongo wa mtu mara tatu au nne kabla halijafika jikoni, na kwamba ujira wa kulipandisha ni ule ule wa gunia moja.

Hamali huyu amekubali, naam. Lakini amekubali katika hali gani? Akikataa, nyuma yake yuko mwingine aliye tayari, na mwingine nyuma ya huyo. Kila mmoja ana watoto wanaomngoja jioni. Mtu aliye peke yake hawezi kuweka kiasi, kwa kuwa kiasi chake kitampokonya chakula na kumpa mwenziwe. Ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuachwa katika mapatano ya mtu na mtu. Mwaka 1967 Shirika la Kazi la Kimataifa lilifanya mkataba juu ya uzito wa mizigo, likasema kwamba mfanyakazi asilazimishwe wala asiruhusiwe kuchukua mzigo ambao kwa uzito wake waelekea kuhatarisha afya yake. Angalieni neno hilo la pili. Halikusema tu asilazimishwe. Lilisema pia asiruhusiwe. Na katika shauri lililoandikwa pamoja na mkataba ule, kilo 55 zilitajwa kuwa mpaka kwa mwanamume mzima, na kwa wanawake na vijana pungufu sana ya hapo. Mtu aweza kuona ni ukali kumzuia mtu anayetaka. Lakini sheria ya namna hii haimnyang'anyi hamali uhuru wake. Yampa uhuru ambao hakuwa nao, yaani kukataa gunia pasipo kulipoteza soko, kwa kuwa aliye nyuma yake naye hataruhusiwa kulichukua.

Hoja ya pili ni hii: "Mzigo huutia mwili nguvu, mkimhurumia mtu sana mtamfanya dhaifu." Hoja hii ni ya kweli, na asiyeikubali ataharibu migongo mingi kwa huruma yake. Watu warukao katika anga za juu, mahali ambapo mwili hauna uzito, huongezeka urefu hata sehemu 3 kwa 100, kwa kuwa hakuna kinachovibana visahani vyao. Mtu angedhani kwamba hao ndio wenye raha ya mgongo kuliko wote. Kumbe wengi wao huumwa mgongo, na misuli yao hulegea mpaka hawana budi kufanya mazoezi kila siku. Vivyo hivyo zamani aumwaye kiuno aliamriwa kulala kitandani siku nyingi. Lakini uchunguzi uliotangazwa mwaka 1995 kutoka Helsinki ulionyesha kwamba walioendelea na shughuli zao za kawaida, kadiri maumivu yalivyowaruhusu, walipona upesi kuliko waliolazwa. Mgongo usiochukua kitu hupoteza uwezo wa kuchukua. Basi hatuhubiri uvivu, wala hatusemi kwamba mtoto asitumwe maji, au kijana asishike jembe.

Tusemalo ni kwamba hoja hii ya pili hutumiwa na watu wapendao nusu yake tu. Mzigo hutia nguvu pale ambapo baada ya kutwikwa pana kutuliwa. Ile kazi inayokaza misuli, na ile ya kupenyeza maji katika kiini, zote mbili zahitaji zamu: kubanwa na kuachiliwa, tena kubanwa na kuachiliwa. Asemaye, "Mzigo wamfaa," na huku hampi nafasi ya kuutua, ameichukua dawa akaitupa nusu iliyo ya kuponya. Kupumzika kwa mchukuzi si zawadi ya wema wetu. Ni sehemu ya kazi yenyewe, kama vile kunoa ni sehemu ya kazi ya panga.

Historia ya nchi zetu yaonyesha tofauti hiyo wazi kuliko sisi tuwezavyo kuieleza. Katika karne ya 19 wapagazi walikwenda njia ya misafara kutoka Bagamoyo hata Tabora, na kutoka Tabora hata Ujiji. Mzigo wa mpagazi ulipata frasila 2 hivi, yaani kilo 30 na zaidi kidogo, mbali na vitu vyake mwenyewe. Ulikuwa mzito, na njia ilikuwa ndefu, na wengi waliumia na kufa njiani. Lakini Wanyamwezi walioifanya kazi ile kwa ujira waliihesabu kuwa kazi ya heshima. Kijana aliyefika pwani na kurudi alisifiwa kwao. Walijua kiasi cha mzigo wao, wakabishana juu yake na mwenye msafara, na walipoona wamedhulumiwa waliweza kuutua mzigo na kukaa chini, au kuondoka. Kisha ikaja vita ya 1914 hata 1918. Waingereza na Wadachi wote wawili walihitaji watu wa kuchukua chakula na risasi mahali pasipo njia ya gari, nao wakawatwaa watu kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu. Mizigo haikuwa mizito kuliko ile ya misafara. Lakini hao hawakuweza kuitua. Walikwenda siku baada ya siku kwa chakula kibaya, bila nguo za kutosha wala mahali pa kulala, na kuhara na homa zikawaua kuliko risasi.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitangaza kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hasa wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuwekewa ukumbusho kwa majina yao, na pengine hawakuwekewa ukumbusho wo wote. Katika Nairobi iko sanamu ya mchukuzi amesimama pamoja na askari. Katika Dar es Salaam sanamu iliyowekwa mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Mchukuzi amebaki katika jina la soko, maana Kariakoo ni neno la Kiingereza la kikosi cha wapagazi lililogeuzwa na vinywa vyetu. Maelfu hupita pale kila siku, na mahamali huchukua magunia pale pale, na wengi hawajui kwamba wanalitamka jina la watu waliokufa chini ya mizigo. Kama ukimya wa mchukuzi ungekuwa ni ushuhuda kwamba hakuumia, basi hao walio kimya kuliko wote wangekuwa ndio wasiodhulumiwa.

Sasa turudi nyumbani, maana ni rahisi kuwahukumu watu wa zamani na kuiacha ndoo iliyo mlangoni petu. Katika nyumba nyingi yuko mmoja ambaye hutwikwa na hatuliwi. Huenda ni msichana wa miaka kumi ambaye pingili zake zingali zinakua. Alfajiri yuko kisimani, mchana shuleni, jioni yuko na kuni kichwani, na usiku na mdogo wake mgongoni kwa mbeleko. Huenda ni mama aliyejifungua juzi, naye amekwisha kushika jembe. Huenda ni kijana aliyeajiriwa kwa kazi za nyumbani, wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala, ambaye mgongo wake haupati hata zile saa za usiku tulizozitaja. Hao wote hawalalamiki. Na sisi, kwa kuwa hawalalamiki, tumekwisha kuamua kwamba mzigo wao ni kanda la usufi.

Haitupasi kungoja sheria ili tulitengeneze jambo hili. Tuupime mzigo kabla ya kuutwika, kwa mizani ikiwapo, na pasipo mizani kwa kuuinua sisi wenyewe kwanza. Gunia moja kubwa ligawanywe kuwa mawili madogo, hata kama ni safari mbili. Mzigo ushikwe karibu na mwili, na njia ifupishwe iwezekanavyo. Kazi za nyumba zihesabiwe, ionekane ni nani ana nyingi na nani hana, wala wana wasihesabiwe kando kwa kuwa ni wa kiume. Na kila aliye chini ya mkono wetu aulizwe, si mara moja tu, bali mara kwa mara, na aulizwe kwa namna ambayo akijibu kweli hatapoteza chakula chake wala heshima yake. Maana kumwuliza mtu, "Waweza?" huku macho yetu yakimtisha, si kuuliza.

Desturi yetu ya zamani ilikuwa na adabu moja iliyo njema. Mzigo mzito wa kichwani mtu hawezi kujitwika peke yake. Huja mwenziwe wakauinua pamoja, mmoja huku na mmoja huku, mpaka ukae vizuri juu ya ngata. Na afikapo, aliye karibu huondoka mahali pake akampokea na kumtua kabla ya kumwuliza habari za atokako. Adabu hiyo yajibu swali letu kuliko maneno mengi. Anayeshika upande mmoja wa mzigo katika kuuinua ameujua uzito wake kwa mikono yake mwenyewe, wala hawezi tena kusema kwamba hakujua. Naye aliyemtwika mwenziwe, kwa tendo hilo hilo, amekuwa mdeni wa kumtua.